Vita vya Kucha za Paka California

Mwaka 2003 West Hollywood, mji mdogo unaopakana na Los Angeles na Beverly Hills, ulipiga marufuku kuwang'oa paka kucha. Ulikuwa mji wa kwanza Marekani kufanya hivyo. Upasuaji wenyewe hauishii kwenye kucha: huondoa mfupa wa mwisho wa kila kidole, na mara nyingi kinachonusuriwa ni kochi la sebuleni.

Chama cha madaktari wa mifugo cha California kilikwenda mahakamani, kikidai mji hauna mamlaka juu ya kazi iliyopewa leseni na jimbo. Kilishinda mwanzoni, lakini mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikaupa mji haki.

Ndipo jimbo likapitisha sheria ya kuizuia miji, kuanzia Januari 2010, kuharamisha kazi zilizopewa leseni na jimbo. Badala ya kuzima moto, likauchochea. Kabla mwaka 2009 haujaisha, Los Angeles, San Francisco, Berkeley na miji mingine ilikuwa imekimbilia kupitisha marufuku yake.

Ulaya ilishatangulia kuukataza upasuaji huo, kwa mkataba wa mwaka 1987. Jimbo la New York, la kwanza Marekani, lilifuata Julai 2019, kwa faini isiyozidi dola 1,000.