Sajinimeja Asiyetajwa: Askari wa Kawaida wa Tanganyika katika Vita Kuu ya Pili

Kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam, ambayo wakazi wengi wa Goba huipita pembeni wanapokwenda mjini kwa njia ya Makongo, ilikuwa na jina jingine kabla ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964. Iliitwa Colito. Jina hilo lilitoka kusini mwa Ethiopia, ambako tarehe 19 Mei 1941 Batalioni ya Kwanza ya 6 King's African Rifles (KAR, au Keya), kikosi cha Tanganyika, ilivuka mto Billate na kujikuta ikikabiliwa na vifaru vya Waitaliano bila silaha ya kuvizuia. Sajini Nigel Leakey, mtoto wa walowezi wa Kenya, alirukia kifaru, akafungua mlango wake wa juu na kuwaua waliomo isipokuwa dereva. Kisha akaviendea vifaru vingine kwa miguu, na huko ndiko alikopotea. Mwili wake haukuonekana tena. Mwaka 1945 alitangazwa kutunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Waingereza.

Ukisoma maelezo rasmi ya nishani hiyo, utaona kwamba Leakey hakuviendea vifaru vile peke yake. Alifuatana na sajinimeja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Walikabili risasi zilezile, katika uwanja uleule. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa jina.

Naanza na watu hao watatu kwa sababu kosa lililowapata halikuishia kwa Waingereza. Sisi wenyewe, tulio huru na wenye vyuo vikuu vyetu, tumeliendeleza. Katika uandishi wetu wa historia, askari wa Keya huonekana kwa sura mbili tu: ama ni kibaraka aliyepigana vita visivyomhusu, ama ni mbegu ya uhuru, mtu aliyekwenda Burma akamwona Mzungu akikimbia, akarudi nyumbani kudai nchi yake. Sura zote mbili zinampima kwa siasa. Alichokifanya mwenyewe, siku kwa siku, kwa miaka mitano au sita ya maisha yake, hakipewi nafasi.

Sura ya pili ndiyo inayopendwa zaidi, na ina chembe ya ukweli. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walitumikia KAR huko Burma, na wote wawili walikuwamo katika kuasisi chama cha TANU mwaka 1954. Baba yao, Kleist Sykes, alikuwa askari wa Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck katika vita ya kwanza. Tunaijua habari ya ukoo huu kwa sababu Mohamed Said aliutafiti na kuuandikia kitabu, jambo la kushukuriwa. Lakini hao walikuwa vijana wa Dar es Salaam, wasomi, watoto wa mtu mashuhuri wa Kariakoo. Watu wa Tanganyika walioingia jeshini katika vita hiyo wanakadiriwa kufika 87,000. Wengi walikuwa wakulima na wafugaji. Baadhi walijiandikisha kwa kufuata mshahara, wengine walipelekwa na machifu waliotakiwa na mkuu wa wilaya kutimiza idadi. Vita ilipokwisha walirudi kwenye mashamba na mifugo yao. Tukisema thamani yao ni kuleta uhuru, tumewafuta karibu wote kwa mara ya pili.

Walifanya nini, basi? Mwaka 1941 walipigana Ethiopia. Mwaka 1942 vikosi vya Afrika Mashariki vilipelekwa Madagaska kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Ni miongoni mwa misiba mikubwa kabisa ya baharini iliyowahi kuwapata watu wa eneo letu. Tunaomboleza kuzama kwa MV Bukoba, na ni haki yetu kuomboleza. Khedive Ismail haimo katika kumbukumbu yetu ya pamoja.

Halafu Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo batalioni za 26 na 36 KAR zilikuwa za Tanganyika, ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko mwaka 1944, wakati ambapo makamanda wengi waliamini kwamba jeshi haliwezi kutembea. Njia ilikuwa tope. Malaria na homa ya scrub typhus viliangusha watu, mizigo ilidondoshwa kwa ndege, na adui aliyekuwa akirudi nyuma alijichimbia katika kila mlima. Mwezi Desemba walifika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin, na jeshi la Waingereza la Jenerali Slim likapata njia ya kuingia katikati ya Burma. Kazi hii ilihitaji maarifa: kusoma msitu, kufanya doria usiku, kufyatua mizinga, kuendesha lori mahali pasipo barabara, kufunga vidonda, kupeleka habari kwa redio. Mtu aliyetoka kijijini bila kuwahi kuona bahari aliyajua yote hayo ndani ya miaka miwili. Hiyo ni historia ya elimu na ya kazi, si ya siasa peke yake, na wanahistoria wetu wa kazi hawajaishughulikia inavyostahili.

Malipo yao yalikuwa dhuluma ya wazi. Nyaraka zilizoibuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha vita kilipangwa kwa rangi: askari mweupe wa cheo cha chini alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, Mwafrika shilingi 3 na senti 50. Mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita ya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri huko kulihusu vita ya 1914, lakini mwenendo wa fikra ulikuwa uleule uliomwacha sajinimeja wa Colito bila jina.

Najua jibu litakalotolewa: hawa walimtumikia mkoloni, na taifa huru haliwezi kumwekea mnara kila aliyembebea mkoloni bunduki. Hoja hii ina uzito, lakini jina la Lugalo lenyewe linaipunguzia nguvu. Kambi ilipewa jina hilo kwa heshima ya ushindi wa chifu Mkwawa wa Wahehe dhidi ya Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na ilistahili. Kikosi cha kamanda Mjerumani Zelewski kilichoangamizwa siku ile kiliongozwa na Wajerumani wachache. Wengi katika kikosi hicho walikuwa askari Waafrika, Wasudani na watu walioletwa kutoka Msumbiji. Kwa hiyo chini ya jina la Colito wamo askari wasiotajwa, na chini ya jina la Lugalo wamo vilevile. Kuwajua si kuwasifu. Kujua ni nani alikuwapo, alitoka wapi na alilipwa nini ndiyo kazi ya kwanza ya historia, na hukumu hufuata baadaye.

Vyanzo vipo, tena kwa Kiswahili. Magazeti ya askari, *Askari* na *Heshima*, yalichapwa wakati wa vita, na Katrin Bromber ameyafanyia uchambuzi wa kina kwa Kijerumani. Ni aibu kwamba msomaji wa Kiswahili hana kitabu cha kulingana nao katika lugha ambayo magazeti hayo yaliandikwa kwayo. Shaaban Robert alitunga utenzi mrefu kuhusu vita hiyo. Tunaufundisha kama fasihi, mara chache kama ushahidi wa namna watu wa wakati ule walivyoielewa. Na zipo karatasi za majumbani. Goba, Madale, Mbezi na Mbagala zimejengwa na watu kutoka kila mkoa, na baadhi walihama na sanduku la babu, lenye cheti cha kuachiwa jeshi, barua, picha, pengine nishani ya Burma Star ambayo hakuna aliyeieleza watoto maana yake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Idara za historia za vyuo vyetu ziwatume wanafunzi wa shahada ya uzamili kwenye kaya hizo kunakili nyaraka na kurekodi simulizi za watoto na wajukuu, kabla kizazi cha watoto nacho hakijaondoka. Na wewe msomaji, ukiwa na karatasi ya namna hiyo nyumbani, usiichome wala kuiacha kwa mchwa: andika nyuma yake jina la mwenyewe, kijiji chake na namba yake ya jeshi, kisha ipeleke ikanakiliwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.