Therac-25: Mashine iliyowafundisha waandishi wa programu nidhamu

Programu ya kompyuta ni maelekezo ambayo binadamu huyaandika ili mashine iyafuate. Simu yako inatumia programu, na mashine nyingi za hospitali pia. Simu ikikwama, unaizima na kuiwasha upya. Lakini mashine ya hospitali ikikosea, mgonjwa anaweza kufa. Katika makala haya tunaeleza jinsi hilo lilivyotokea.

Nini kilitokea?

Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Ilitengenezwa na AECL, shirika la serikali ya Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi iliyozidi mno kipimo chao. Angalau watatu walifariki.

Mgonjwa wa kwanza alisema papo hapo kwamba ameungua. Aliambiwa haiwezekani.

Kasoro ilikuwa wapi?

Mashine hiyo ilitoa mionzi ya aina mbili. Aina moja ilihitaji nguvu kubwa sana, pamoja na kifaa maalumu cha kuipunguza kabla haijamfikia mgonjwa. Mhudumu alichagua aina kwa kuandika herufi. Akikosea na kusahihisha haraka, ndani ya sekunde 8, skrini ilionyesha herufi sahihi, lakini sehemu ya mashine ilibaki na maelekezo ya kwanza. Mionzi mikali ikatoka bila kupunguzwa.

Skrini iliandika tu kwamba kuna hitilafu namba 54, bila kutaja hatari. Kwa kuwa hitilafu ndogondogo zilitokea mara kwa mara, wahudumu walikuwa wamezoea kubonyeza kitufe cha kuendelea.

Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na kasoro kama hiyo kwenye programu yake. Lakini ilikuwa na fyuzi na vizuizi vingine visivyotegemea programu. Kasoro ilipotokea, fyuzi iliungua na mionzi ikazuiwa. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, na ulinzi huo ukaachiwa programu.

Iligunduliwaje?

Mwaka 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mtaalamu wa fizikia wa hospitali na mhudumu wa mashine walirudia hatua zilezile mara nyingi hadi hitilafu namba 54 ikatokea mbele ya macho yao. Mwaka 1987, mamlaka za nchi hizo mbili zilitaka mashine hizo zisitumike kwa matibabu ya kawaida hadi zirekebishwe. Vizuizi visivyotegemea programu vikawekwa.

Nidhamu maana yake nini?

Kwa wahandisi, mambo manne ni ya lazima:

- Programu ikaguliwe na mtu mwingine, si aliyeiandika peke yake.
- Ijaribiwe pia kwa makosa ambayo watumiaji hufanya kila siku.
- Pawepo kizuizi cha pili, programu ikishindwa.
- Kila lalamiko lichunguzwe, hata kama mashine inaonekana nzima.

Hilo la mwisho linatuhusu na sisi tusioandika programu. Ukihudumiwa kwa mashine hospitalini na ukahisi maumivu usiyoyatarajia, mwambie mhudumu mara moja. Akikujibu kuwa mashine haionyeshi tatizo, omba daktari akuangalie wewe, si skrini peke yake.