MAJI YALIYOMO HEWANI



Ndugu yangu, asubuhi ukishuka kutoka Machame umelowa ukungu, ukifika Kwa Sadala unapokelewa na vumbi na ndoo tupu. Usidhani hewa ya huku chini haina maji. Yamo, ila huyaoni. Leo nikusimulie habari za mtu aliyeyafuata huko huko hewani.

Omar Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Chumba kimoja, watu kama kumi na wawili, na ng'ombe humo humo. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Maji ya bomba yalifunguliwa saa chache tu, kisha mnangoja wiki moja au mbili. Wewe unayeamka usiku kuvizia bomba unanielewa.

Akiwa na miaka 15 akapelekwa Marekani. Mwaka 1995 akatangaza viunzi vya metali vilivyoungwa kwa molekuli za kaboni, vyenye matundu yasiyoonekana kwa macho, akaviita MOF. Richard Robson wa Australia na Susumu Kitagawa wa Japani nao walikuwa kwenye njia hiyo, na mwaka 2025 wote watatu walipewa Nobel ya kemia. MOF-5 ya mwaka 1999, gramu chache tu, kuta zake za ndani ukizitandaza zinafika uwanja wa mpira. Lakini ajabu, ikikutana na unyevu inaharibika! Maji yalikuwa adui yake. Ikabidi zinki iachwe, ije zirkoni.

Usifananishe na sponji. Hapa mvuke huingia matunduni, molekuli za kwanza hung'ang'ania kuta, nazo huvuta nyingine mpaka tundu lijae. Kile kipakiti cha chembechembe kwenye boksi la viatu nacho hunasa mvuke, ila kuuachia kinataka joto kali. MOF-801 hunasa usiku. Jua likipanda, inaachia.

Mwaka 2017 walitangaza lita 2.8 kwa siku kutoka kilo moja, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 20. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi, na hiyo ni kama pishi nzima. Ngoja kwanza usishangilie. Mwaka 2018, jangwani Arizona, kwa jua na ubaridi wa usiku peke yake, kilo moja ilitoa gramu 100. Yaani kilo saba hivi kwa udhu wa mtu mmoja! MOF-303, ya alumini, ilitoa zaidi ya mara mbili ya hapo, na alumini ni rahisi kuliko zirkoni.