Keki Iko kwenye Friji

Mtoto akiona baba na mama wameanza kupandishiana sauti, afanye nini? Plum Village, monasteri ya Kibuddha iliyoko kusini-magharibi mwa Ufaransa, ina jibu lake: aseme, "Mama, kuna keki kwenye friji." Keki iwepo isiwepo, si hoja. Hiyo ni ishara ambayo familia nzima imekwisha kukubaliana juu yake, kwamba ugomvi sasa unamwumiza mtoto. Mama anaitikia kuwa anakwenda kuileta, wengine watangulie nje na viti na chai. Akifika jikoni anavuta pumzi taratibu mpaka hasira ishuke, na baba aliyeachwa na viti anapata nafasi ya kufanya vivyo hivyo.

Aliyefundisha ujanja huo ni mtawa ambaye hakuwa na mke wala mtoto, Thich Nhat Hanh wa Vietnam.

Mtawa kujishughulisha na ugomvi wa nyumbani si jambo la kawaida katika dini iliyoanza na mtu kuihama nyumba yake. Kwa mujibu wa mapokeo, Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Buddha, aliondoka usiku na kumwacha mkewe na mwanawe Rahula akiwa bado mchanga. Tangu hapo kuingia utawa kumekuwa na maana ya kuaga familia. Hata hivyo Rahula baadaye alimfuata baba yake akawa mwanafunzi, na katika maandiko ya kale yamo mafundisho aliyopewa kuhusu uongo: Buddha anamwonyesha chombo chenye maji kidogo yaliyobaki, anayamwaga, kisha anakifudikiza chombo, aone jinsi mwongo anavyobaki mtupu. Mwalimu wa namna hiyo huenda asingeishangaa keki.

Nhat Hanh alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Huế, akaingia utawa akiwa na miaka 16. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, hakukubali watawa wajifungie hekaluni wakati vijiji vinateketea. Alianzisha shule ya vijana waliokwenda vijijini kujenga nyumba na zahanati, na mwaka 1966 akasafiri kwenda Marekani kuomba mabomu yakome. Mwaka uliofuata Martin Luther King alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Heshima hiyo haikumrudisha kwao: serikali zilizotawala Vietnam hazikumtaka, naye akaishi uhamishoni kwa miaka 39, hadi aliporuhusiwa kuitembelea nchi yake mwaka 2005.

Huko uhamishoni, Ufaransa, alijikuta miongoni mwa Wavietnam wenzake waliopoteza makazi. Baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka mwaka 1975, watu walikimbia kwa maelfu wakiwa ndani ya mashua zisizofaa bahari kuu, na yeye na wenzake walijaribu kuwaokoa katika Ghuba ya Siam. Mwaka 1982, pamoja na Cao Ngọc Phượng, mwanamke aliyefanya naye kazi tangu miaka ya vita na anayejulikana zaidi kwa jina la Chan Khong, walipata mashamba ya zamani yenye majengo ya mawe karibu na kijiji cha Thénac na jirani yake Loubès-Bernac; hapo ndipo Plum Village ilipoanzia. Walipanda miti 1,250 ya plamu, idadi ileile ambayo maandiko huitaja kwa watawa waliomzunguka Buddha. Baadhi ya miche ilinunuliwa kwa pesa za mfukoni za watoto, na mavuno yalikusudiwa kuwasaidia watoto wenye njaa Vietnam na kwingineko.

Kuanzia kiangazi cha 1983 familia za wakimbizi zilianza kufika kwa mafungo. Shida yao ataielewa mhamiaji yeyote. Mtoto anakwenda shule ya Kifaransa na kuishika lugha haraka, mzazi anarudi kutoka kazini amechoka, na baada ya miaka michache wamekaa meza moja lakini hawazungumzi. Kwa hiyo mafungo yale ya kiangazi yalikuwa na masomo ya Kivietnam na nyimbo za nyumbani sambamba na kutafakari. Uzingativu, yaani kuwa na akili pale mwili ulipo, ulifundishwa kama njia ya watu wa nyumba moja kusikilizana tena. Leo biashara inauuza kama dawa ya mfanyakazi mmoja mmoja aliyelemewa na kazi, na ni rahisi kusahau kwamba hapa ulikuwa kwanza shughuli ya ukoo.

Ndiyo maana mazoezi yenyewe yanamfaa mtoto. Nhat Hanh aliposimama kufundisha, dakika za mwanzo zilikuwa za watoto walioketi mbele yake; wakiisha kusikia, waliinama kwa heshima na kwenda kucheza, wakubwa wakabaki. Kengele ikilia, kila mtu husimama alipo, hata mpishi anayekata karoti, na kuvuta pumzi. Wapo watoto wanaotembea na vijiwe vinne katika mfuko mdogo: kimoja ni ua, kwa uchangamfu, kimoja mlima, kwa uthabiti, kimoja maji yaliyotulia, yanayoonyesha vitu vilivyo, cha nne ni anga, kwa uhuru. Kila kijiwe kina pumzi tatu. Jumla kumi na mbili, kiasi ambacho hata mtoto mtundu anakimudu.

Wazungu nao walizidi kufika mwaka hadi mwaka, wengi wao Wakristo au Wayahudi kwa malezi. Nhat Hanh hakuwataka wabadili dini. Aliwahimiza warudi kwenye mizizi yao, na katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu Buddha na Kristo aliandika kwamba madhabahu ya nyumba yake ndogo huko Ufaransa ilikuwa na sanamu za wote wawili. Yapo sasa matawi California, New York, Ujerumani na Thailand, na familia bado zinapokelewa. Yeye alipatwa na kiharusi mwaka 2014, akarejea kwenye hekalu la Từ Hiếu mjini Huế, palepale alipoanzia utawa, akafariki tarehe 22 Januari 2022 akiwa na miaka 95.