Kitakizo cha Chuma

Nilikuwa na umri wa miaka 22 nilipoona kwa mara ya kwanza krosimemba ya Land Rover fupi ambayo haijakatwa. Nimekulia katika gereji ya baba yangu pale Unga Limited, Arusha, na magari yote mafupi yaliyosimama juu ya shimo letu yalikuwa na bolti nane chini ya giaboksi, nne kushoto, nne kulia. Nilidhani yametoka nazo Uingereza. Mwaka 1996 likaja gari la shamba moja la kahawa, la mwaka 1966. Nikashuka shimoni na spana, nikapapasa gizani nikitafuta kichwa cha bolti, nikakikosa. Chuma kilikuwa kimeungana na chesisi moja kwa moja, kama tawi na shina. Nikamwita baba. Akachuchumaa ukingoni, akamulika tochi, akasema, "Hili halijapita kwetu."

Kwa asiyelala chini ya magari, nieleze hivi. Chesisi ni kitanda. Ina mifumbati miwili mirefu inayokwenda mbele na nyuma, na ina vitakizo vinavyoishika mifumbati hiyo isitengane wala isipinde. Kitakizo kimojawapo, ambacho mafundi tunakiita krosimemba, hupita chini ya giaboksi. Kwenye Land Rover fupi, ile ya inchi 88, kimechomelewa pande zote mbili. Giaboksi pamoja na kifaa chake cha kugawa nguvu mbele na nyuma ina uzito unaozidi kilo 100, nayo imekaa juu ya kitakizo hicho kama mtu aliyelalia mlango anaotaka kutokea.

Sababu ya kuchomelewa iko Solihull, kwenye kiwanda cha Rover, katika njaa ya chuma iliyoikumba Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya jeshi la Marekani shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, akataka kampuni yake iunde gari la namna hiyo. Chuma kilikuwa kwa mgao, ndiyo maana bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Fedha za kutengeneza mashine kubwa za kukandamiza mifumbati hazikuwapo, kwa hiyo zikachukuliwa sahani bapa za chuma, nne nne, zikachomelewa kingo kwa kingo mpaka zikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kiwanda kilichozoea kuchomelea mifumbati yake kipande kwa kipande kilichomelea na vitakizo. Ilikuwa rahisi, ilikuwa imara, na gari lenyewe lilitazamiwa kuuzwa miaka michache tu, mpaka Rover irudie biashara yake ya magari ya kifahari. Hakuna aliyemfikiria mtu wa Arusha atakayelala chini yake miaka 35 baadaye. Simlaumu mtu.

Gari likarefuka kutoka inchi 80 hadi 86, kisha 88 mwaka 1956 ili injini ya dizeli ipate nafasi. Kitakizo hakikuguswa. Ili kuifikia klachi, kitabu cha kiwanda kilimwelekeza fundi atoe giaboksi kwa juu: ang'oe viti, ang'oe sakafu, ang'oe boksi lote la viti, kisha aininginize kwa winchi na kuipitisha mlangoni. Kwa gari jipya ndani ya karakana yenye winchi, hiyo ni kazi ya heshima. Lakini bolti za chuma zilizokaa kwenye aluminiamu, zikanyeshewa na kukaushwa miaka 15, huumana nayo. Aluminiamu hutoa unga mweupe na bolti hugoma. Ukilazimisha, unaondoka na kipande cha sakafu. Nimeona magari ambayo viti vyake vilifungwa kwa waya, kwa sababu klachi ilibadilishwa mara tatu na kila mara matundu yalizidi kupanuka.

Sisi hatukuwa na winchi. Tulikuwa na shimo, jeki mbili na magogo ya mgrevilea. Mtu mwenye shimo huifikiria kazi kutokea chini.

Baba alianza kukata krosimemba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hazipatikani, na sahani ya klachi ilikuwa ya kubanja upya, si ya kununua. Sahani iliyobanjwa haidumu. Gari lilirudi baada ya miezi minne au mitano, na kila likirudi bodi iliraruliwa tena. Jumapili mchana magari binafsi yalikatazwa kutembea ili mafuta yaokolewe, kwa hiyo hakuna mteja aliyesimama mlangoni akiuliza, "Fundi, tayari?" Kukata chesisi ilikuwa kazi ya Jumapili.

Utaratibu wake naujua kama njia ya kwenda nyumbani. Kwanza gari lilisawazishwa juu ya magogo manne, mizani ya maji ikawekwa kwenye mifumbati, na pau nene ya chuma ikafungwa kutoka mfumbati hadi mfumbati ili kushika nafasi ya kitakizo kitakachotoka. Injini ikaegemezwa kwa jeki. Kisha msumeno wa mkono, si gesi, kwa sababu moto hupinda chuma. Alikata akiacha vishina viwili, kila kimoja kama upana wa kiganja, vikiwa vimeshikamana na chesisi. Kwenye vishina na kwenye ncha za kipande kilichotoka alichomelea sahani nene, jozi kwa jozi, na kila jozi ilitobolewa matundu ikiwa imebanwa pamoja, ili matundu yasipishane. Bolti zilikuwa za nusu inchi, zile ngumu zenye alama kichwani, tulizozitoa kwenye malori mabovu. Mwisho, kabla ya kufunga, alipaka grisi ndani ya uwazi wa kitakizo. Boksi la chuma huoza kuanzia ndani.

Pau ile ilitokana na maumivu. Gari la kwanza alilikata bila pau, likiwa limeinuliwa kona moja tu. Msumeno ulipomaliza, chesisi ilijipinda kidogo kwa sauti kama ya mlango wa bati, na kitakizo hakikurudi mahali pake. Baba alikaa chini, hakusema neno. Ilimchukua siku mbili kuirudisha, na gari lilikuwa la padri aliyepaswa kwenda Loliondo. Padri alimwambia, "Pole, Mzee. Nitasubiri."

Wapo wanaosema ukataji huu ni uharibifu. Nakubali nusu. Chesisi inayopita kwenye barabara za makorongo husokotwa kama nguo inayokamuliwa, na kiungo cha bolti kikilegea, ufa huanzia pembeni ya mchomeleo. Nimeuona na nimeuziba. Aliyekata kwa sahani nyembamba amemwua mwenye gari polepole. Lakini kiungo kizuri, kinachokazwa kila gari linapobadilishwa oili, nimekikuta kizima baada ya miaka 30, huku mfumbati wenyewe ukiwa umetobolewa na kutu pembeni yake.

Na Solihull wenyewe walifika hapohapo. Range Rover ya mwaka 1970 ilitoka na kitakizo cha giaboksi kinachofunguliwa, na Land Rover 110 ya mwaka 1983 ikakirithi. Chake kina tabia ya kung'ang'ania katikati ya mifumbati, na fundi huweka jeki ikilala kuitanua chesisi kidogo ndipo kidondoke. Baba alipoiona 110 kwa mara ya kwanza hakuangalia injini wala springi zake. Aliingia chini, akahesabu bolti kwa kidole, akatoka akijifuta mikono.

Lile gari la kahawa nililikata mimi, Jumapili, ingawa katazo lilikwisha zamani. Baba alikaa kwenye kigoda. Sahani zilipokaa, alinipa patasi akaniambia nipige alama: nukta mbili kushoto, moja kulia, ili kipande kisije kikarudishwa kinyume.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea Land Rover ya 1966 aliyoinunua Karatu, nibadilishe klachi. Anataka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, kila skrubu, na alikuwa amesikia kwamba chesisi imechezewa. Nilishuka shimoni, nikakwangua grisi kwa bisibisi upande wa kushoto. Nukta mbili. Nikamwambia klachi itakuwa tayari saa kumi, na kuhusu kuchomelea tena tutazungumza akishaliona limefunguliwa.