Kizuka Ndani ya Mashua

Arnold Böcklin, mchoraji wa Uswisi, hakuipa jina picha yake ya mashua inayokiendea kisiwa cha majabali na mivinje mirefu myeusi. Aliyeibandika jina ni Fritz Gurlitt, mchuuzi wa sanaa, mwaka 1883, akilichopoa katika barua ya mchoraji mwenyewe: Die Toteninsel. Kwetu ni Kisiwa cha Wafu, na hapo ndipo ninapoguna. Nani husema “mfu wetu tumemzika jana”? Aliyetutoka ni marehemu, neno lililobeba dua ya rehema. Anayeoshwa na kukafiniwa ni maiti. Mfu hana jamaa. Lakini wavuvi huita maji mafu zile siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, na bahari ya Böcklin imelala vivyo hivyo, haina hata kiwimbi. Haya, wafu na wabaki.

Linalonishughulisha zaidi ni yule aliyesimama mashuani, kajigubika nguo nyeupe. Awali hakuwamo. Mwaka 1880 mjane Marie Berna alifika karakana ya Böcklin mjini Florence, akaikuta picha haijakamilika, akaagiza yake. Mumewe alikuwa amefariki zamani kwa dondakoo. Kwa ombi lake mchoraji akaongeza jeneza (la kwenda tu bila kurudi; la Waislamu wa pwani yetu hurudishwa msikitini) pamoja na mtu huyo mweupe, kisha akavitia hata katika picha ya kwanza. Böcklin naye alikuwa mfiwa: mwanawe Maria alizikwa Florence, makaburi ya Waingereza, karibu na karakana hiyo.

Je, mweupe yule ni mjane anayesindikiza au ni roho inayosindikizwa? Kiswahili hakinilazimishi kuchagua. Kizuka ni kiumbe cha kutisha kinachotokea ghafla. Kizuka pia ni mjane aliyekaa eda, miezi minne na siku kumi, amejitenga na watu. Mimi siamini kwamba maana hizo zimekutana kwa bahati. Anayekaa eda yumo nyumbani, ila nusu yake imekwisha vuka.

Böcklin aliichora picha hiyo mara tano, hadi 1886. Ya nne iliteketea katika Vita Kuu ya Pili. Kizuka hakumtoa tena. Gurlitt alikipatia kisiwa jina, kizuka akamwacha hivyo hivyo, bila jina.