Mji Uliodai Kutozwa Zaidi: Siku Moja Isiolo, Kando ya Mto

Vijarida vya utalii vina maneno matatu ya kuieleza Isiolo: lango la kaskazini. Mgeni akishuka kwenye uwanja wa ndege ulio ubavuni mwa mtaa wa Kiwanjani, au akiteremka kwa barabara ya Timau, hupitishwa mjini upesi ili awahi Buffalo Springs na Samburu kabla ya jua kuwa kali. Julai na Agosti, kiangazi kinapokolea na watalii kujaa, ndivyo ilivyo kila siku. Wako waongozaji wanaomwambia kabisa kwamba mji huu hauna historia, kwamba ni kambi ya jeshi na soko la mifugo lililoota njiani. Kauli hiyo nimeichoka. Atakayetoa siku moja ya likizo yake kutembea Isiolo, kuanzia ukingo wa mto hadi Msikiti wa Jamia, atakuwa amekanyaga ardhi ya mojawapo ya mabishano ya ajabu kabisa katika historia ya ukoloni wa Kenya.

Ya awali nayapita haraka. Maji ya mto Isiolo, yanayoshuka kutoka upande wa Mlima Kenya na kuingia Ewaso Nyiro, yalinywesha mifugo ya watu wengi kabla Mwingereza hajafika. Wasamburu, Waborana, Waturkana na Wameru wana simulizi zao kuhusu nani alitangulia, na ugomvi wa mipaka ya kaunti umezifanya simulizi hizo ziwe kali zaidi. Mwaka 1909 ofisa wa Kiingereza Geoffrey Archer aliweka kituo kwenye Ewaso Nyiro, mahali panapoitwa Archer's Post hadi leo. Baadaye Isiolo ikawa karantini ya mifugo, kisha makao ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini.

Mji wenyewe uliwekwa misingi na Wasomali, hasa wa koo za Waisahakia na Waharti. Wengi wao walikuja na Waingereza kama askari, wasindikizaji wa misafara na wachuuzi, wakapigana Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakakaa hapa na ng'ombe wao. Familia zao zinashikilia kwamba ardhi ya malisho walipewa kwa shukrani ya utumishi huo. Mimi nawaamini. Serikali ya kikoloni ilikuwa hodari wa kuahidi kwa mdomo ilipohitaji bunduki, na hodari vilevile wa kusahau bunduki ziliponyamaza.

Kwa sheria ya mwaka 1919, baadhi ya Wasomali waliondolewa katika kundi la "wenyeji" kwa mambo fulani. Halikuwa jambo dogo. Mwenyeji mwanamume alibeba kipande, kitambulisho cha lazima. Hata wodi ya hospitali na mgao wa chakula gerezani vilipangwa kwa rangi. Mwaka 1926 kaskazini yote ikafungwa, kuingia na kutoka kukawa kwa kibali, na sheria ya mwaka 1934 ikawapa maofisa nguvu ya kuamua kabila lipi likae wapi. Kwa mtu anayeishi kwa kununua mbuzi kaskazini na kuwauza kusini, kibali ndicho kilichoamua kama atakula.

Ndipo ikaja kodi ya kichwa ya mwaka 1936 kwa wasio wenyeji. Waasia walitakiwa kulipa shilingi 30, Wasomali na Waarabu shilingi 20. Waisahakia wakakataa shilingi 20. Walitaka kulipa 30. Waliandika malalamiko, wakatafuta mawakili, wakawaamsha ndugu zao wa Aden na Somaliland ya Waingereza, wakapeleka hoja yao hadi London: wao ni uzao wa Sheikh Isahaka, asili yao Uarabuni, basi wahesabiwe pamoja na Waasia. Mgogoro uliendelea hadi mwaka 1941, na serikali haikukubali.

Mwanahistoria E. R. Turton aliueleza mgogoro huu mwaka 1974 katika jarida la African Affairs. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, mwaka 2017, Keren Weitzberg akaurudia katika kitabu chake kuhusu Wasomali wa Kenya. Hata hivyo, sijawahi kumsikia mwongozaji akiutaja mbele ya wageni wake.

Wapo wanaoufupisha kwa neno moja: kiburi. Kwamba Waisahakia walijiona bora kuliko Waafrika wenzao. Ni kweli kwamba baadhi ya maandiko yao yaliwabagua hata Wasomali wengine, na hilo halipendezi. Lakini anayeishia hapo anamhukumu aliyepanda ngazi na kumwacha aliyeijenga. Mkoloni ndiye aliyeamua kwamba uhuru wa kutembea unategemea asili ya babu yako. Watu wale waliisoma sheria, wakaona haki imefungwa kwenye shilingi 10, wakasema: tuko tayari kuzilipa. Wazee wa biashara, waliojua thamani ya kila senti, hawatupi pesa kwa majivuno.

Ya baada ya hapo yana waandishi wengi: tume ya mwaka 1962 kuhusu mustakabali wa kaskazini, kuuawa kwa mkuu wa wilaya Daudi Dabasso Wabera na Chifu Haji Galma Dido Juni 1963, kisha vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, na kambi walikozuiliwa watu huko Garba Tula na Merti. Yanastahili makala yake.

Kwa mwenye siku moja, basi, nashauri hivi. Aanzie asubuhi sokoni, kwa akina mama wanaokusanya maziwa ya ngamia na kuyapakia kwenye mabasi ya kwenda Eastleigh, Nairobi; biashara ya kaskazini na kusini iliyogombaniwa miaka ya 1930 ingali hai mikononi mwao. Afuate mto penye mashamba ya mboga, apumzike adhuhuri karibu na msikiti, halafu alasiri azungumze na wazee wa Kiwanjani na Kambi ya Juu. Aende na adabu, na asiwe na haraka ya kupiga picha.

Nasi wa hapa tuna kazi iliyo karibu zaidi. Ripoti za wilaya zimehifadhiwa Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, lakini hizo ni sauti za maofisa. Nakala za malalamiko, risiti za kodi na barua za kutoka Aden, kama zimesalia, zimo masandukuni mwa wajukuu. Kaunti ingetenga chumba kimoja tu na mtu wa kuzinakili, kisha kila karatasi irudishwe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.